Mdudu wa Dona Otília

Mhakiki hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu, maana Zuleica Bortolini alijua kujibu matusi. Badala yake aliandika mistari sita ya adabu tupu, na katika ule wa nne akauliza: mwandishi ana hakika gani kwamba majike hawa wasio na mabawa si umbo jingine tu la spishi ya zamani, ile yenye mabawa, inayokula nyasi hizohizo? Aonyeshe dume. Kama hana dume, makala iondolewe. Mhariri wa jarida naye akaongeza wake: jibu lifike Jumatatu.

Barua iliingia Jumatano jioni. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri Zuleica alikuwa barabarani, hadubini imefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria, akipanda kutoka Porto Alegre kwenda nyanda za juu katika baridi ya Agosti. Hakumuaga mtu yeyote maabara. Angesema nini? Kwamba baada ya miaka kumi na minane ya kubandika wadudu wa maprofesa kwenye vioo, mdudu wake mwenyewe wa kwanza alikuwa na dosari ambayo hata mwanafunzi angeiona?

Thripsi, kwa aliyebahatika kutomjua, ni kidudu chembamba, milimita mbili hakifiki, kinachofyonza majani. Wakulima wa vitunguu hukilaani kila msimu. Wale wa Zuleica hawakuwa na habari na vitunguu. Walijificha chini kabisa kwenye mashina ya nyasi ngumu inayoitwa ndevu-za-mbuzi, na mahali pekee alipowapata ni mteremko mmoja wa shamba la Mzee Gentil Pacheco, maana miteremko ya jirani ilikuwa imeshafunikwa na misonobari ya mbao. Alipata majike wanne tu. Hawakuwa na mabawa, hawakuwa na yale macho madogo matatu ya utosini, na kifua chao kilikuwa kifupi. Aliwatazama, moyo ukamwenda mbio, akakaa chini kuandika.

Sasa, kila afanyaye kazi hii anajua kwamba thripsi wa nyasini huweza kuzaa watoto wenye mabawa msimu mmoja na wasio na mabawa msimu mwingine. Mabawa yakiondoka, macho ya utosini huondoka nayo, na kifua hufupika. Yale mambo matatu aliyoyategemea Zuleica yalikuwa jambo moja. Alilijua hilo tangu Aprili. Alilisukuma pembeni kwa sababu alimtaka mdudu huyo awe mpya, basi, hakuna sababu nyingine ya heshima zaidi.

Lakini makala kuondolewa si kifo. Kilichomtoa jasho mikononi asubuhi ile ya jalidi kilikuwa kingine, nacho ni Dona Otília.

Dona Otília alikuwa mke wa Mzee Gentil. Kwa misimu mitano ya utafiti alimlisha Zuleica, akamkaushia soksi juu ya jiko la kuni, akamgombeza kwa kutoolewa. Ndiye aliyempeleka kwenye ule mteremko mara ya kwanza, akisema ng'ombe hawazipendi nyasi zile, basi huenda wadudu wanazipenda. Mwezi wa Mei alilazwa hospitali ya mjini, na kila mtu alijua hatoki. Katika kazi ya Zuleica kuna mwiko mmoja ambao hata walevi wa fani wanauheshimu: jina la mdudu mpya halitamkwi mpaka lichapishwe. Zuleica aliendesha gari mpaka pale hospitali, akakaa kando ya kitanda, akamshika yule mama mkono, na akalitamka.

"Nimempa jina lako," alisema. "Mdudu wa mteremko wako anaitwa *otiliae*. Dunia nzima itamwita hivyo, hata sisi sote tukishaoza."

"Una hakika?" aliuliza Dona Otília.

"Kabisa."

Siku nne baadaye walimzika.

Zuleica alipofika langoni saa nne aliona farasi wanne wamefungwa uani. Farasi wa jirani siku ya kazi, mwisho wa baridi, maana yake ni moja tu: watu wamekuja kuchoma. Jalidi imeshakausha nyasi, ng'ombe wamebaki mbavu tupu, na bila moto majani mabichi yatachelewa mno. Hakuna achomaye peke yake, kwa hiyo majirani husaidiana kwa zamu. Aliyekuja safari hii alikuwa Dorvalino, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwenye mdomo usiopumzika, pamoja na wanawe watatu waliokwishaota ndevu. Vipigio vya moto, yaani mipini mirefu yenye vipande vya mpira mwishoni, vilikuwa vimeegemezwa ukutani.

"Daktari!" Mzee Gentil alitoka na poncho, shuka lake zito la sufu, mabegani. Alimwita hivyo miaka yote ingawa Zuleica alikuwa ameshamwambia mara mia kwamba yeye ni fundi wa maabara tu. "Umeijulia siku. Leo tunachoma."

"Mteremko wa juu pia?"

"Huo ndio wa kwanza. Kibali cha manispaa kinaisha leo, na redio inasema kesho mvua."

"Mzee Gentil, usiuchome."

Dorvalino alicheka kwa sauti. "Mmesikia? Ng'ombe wale nini sasa, hadubini?"

"Nahitaji muda," alisema Zuleica. "Nahitaji dume."

"Hatimaye!" Dorvalino akawageukia wanawe. "Simameni vizuri, vijana. Dada, chagua, wote watatu wana meno yao."

"Dume la thripsi, Dorvalino. Ingawa nikiwatazama wanao naona tofauti si kubwa."

Wale vijana walicheka kuliko baba yao. Mzee Gentil hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na kuinamisha kichwa, kama wanavyofanya wazee wanaoanza kutosikia.

"Ni kwa ajili ya mdudu wa Otília?"

"Ndiyo."

"Basi tusubiri," aliwaambia wengine, na Zuleica akaona jinsi uso wa mzee ulivyonyanyuka. Tangu Mei alikuwa amelitangaza jina lile dukani, kanisani, na kwa kila mnunuzi wa ng'ombe aliyesimama langoni. Dorvalino alikuwa amembandika jina la mjane wa mdudu, na mzee alilibeba kwa fahari. "Umande wenyewe haujakauka. Lakini sikiliza, binti. Saa nane nawasha, umpate usimpate. Ng'ombe hawashibi jina."

"Saa nane," alikubali Zuleica.

Hakumwambia dume alikuwa wa nini. Alimwacha aamini kwamba ni mapambo ya mwisho tu, kama kumvisha bwana harusi koti ili picha ikamilike. Mtu anaweza kudanganya bila kufungua kinywa, na siku hiyo alifanya hivyo vizuri sana.

Kazi yenyewe inafanywa magotini. Unalikalisha sinia jeupe chini ya shungi la nyasi, unalipigapiga shungi kwa kijiti, unatazama kinachoanguka. Mavumbi, mbegu, buibui, na mara mojamoja kistari kidogo kinachotembea. Unakigusa kwa ncha ya brashi iliyolowa spiriti na kukitia kwenye kichupa. Kila shungi lina kichupa chake na namba yake, na hapo Zuleica hakuwa na mchezo, kwa sababu dume ambaye hujui ametoka shungi lipi ni dume wa nani? Anaweza kuwa mpita njia aliyeletwa na upepo. Alihitaji dume aliyekutwa na majike wake.

Na katika baridi madume huwa hawapo. Majike ndio wanaovumilia, wamejibana chini kabisa kwenye unyevu wa shina, wakisubiri majani mapya. Alilijua hilo pia. Kufikia saa tano alikuwa amepiga mashungi thelathini na mawili, amepata majike kumi na saba wasio na mabawa, na madume sifuri. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akaacha kijiti, akaanza kuyapasua mashungi kwa mikono hadi mizizini, akakatwa na nyasi, akaendelea.

Saa sita Mzee Gentil alipanda mteremko kwa miguu. Alipiga magoti, moja baada ya jingine, akiguna, na kulishika sinia kwa mikono miwili.

"Piga," alisema. "Mimi nashika. Macho sina tena, mikono ninayo."

"Magoti yako, mzee."

"Magoti yangu yamepigwa mbele ya watakatifu wasionijua hata jina. Yapigwe na mbele ya huyu wa nyumbani." Alilisawazisha sinia. "Akishatoka kwenye kitabu, utaniletea? Hata kama siwezi kusoma kilichoandikwa, jina lake nitaliona."

"Tupige hili hapa," alisema Zuleica, akainamia shungi lililofuata ili mzee asimwone.

Walipiga pamoja. Upepo ulianza kuamka kutoka kusini-magharibi, mkavu, ukilaza nyasi zote upande mmoja. Chini uani Dorvalino alikuwa ameshajaza mafuta kwenye mkebe wa kuwashia, ule wenye mdomo mrefu unaodondosha moto ardhini, na sauti yake ilipanda mpaka juu.

"Gentil! Upepo! Ukikolea hatuwashi tena, na kibali chako utakifungia sabuni!"

"Saa ngapi?" aliuliza Zuleica.

"Saba na robo," alisema mzee. "Piga."

Shungi la hamsini na nane lilikuwa limeegemea jiwe, upande wa jua, shina lake lina joto kidogo. Zuleica alilipasua juu ya sinia. Walianguka watatu. Mmoja alikuwa jike peke yake. Wawili walikuwa wameshikana, jike asiye na mabawa na juu yake kingine chembamba zaidi, kifupi, rangi ya majani makavu, ambacho hakikumwachia mwenzake hata kilipotikiswa.

Zuleica hakuvuta pumzi. Alishusha brashi. Upepo ulipita juu ya sinia, na mzee, bila kuambiwa, akalifunika kwa ubavu wa poncho. Ncha ya brashi iliwagusa. Wote wawili waliingia kwenye kichupa.

"Ndiye?"

"Ni dume," alisema Zuleica. "Amekutwa juu ya jike. Hakuna wa kubisha."

Mzee Gentil alivua kofia, akaangalia mbinguni mara moja, akaivaa tena. "Twende ndani ukamwone. Otília asingekuacha umtazame kwenye baridi."

Zuleica angeweza kukataa. Kichupa kilikuwa mfukoni, mji ulikuwa mwendo wa saa tano, na angeweza kuujua ukweli peke yake, mlango umefungwa. Lakini mtu mzima aliyekupigia magoti huwezi kumwambia asubiri barua. Waliingia.

Jikoni jiko lilikuwa linawaka na sufuria ya mbegu za mti wa araukaria ilitokota. Dorvalino na wanawe waliwafuata ndani, maana nje upepo uliuma na kwa vyovyote hakuna aliyetaka kukosa. Mzee alijaza kibuyu cha chimarrão, chai chungu inayonywewa kwa zamu kwa mrija mmoja, akanywa cha kwanza mwenyewe kama inavyopasa, akajaza tena na kumpa Dorvalino, naye akanywa mpaka mrija ukakoroma, akarudisha. Kibuyu kikaanza kuzunguka. Zuleica aliweka hadubini mezani chini ya dirisha na kukigeuza kioo chake kidogo mpaka kikanasa mwanga.

Aliwatenganisha wale wawili kwa sindano. Alimlaza dume chali ndani ya tone la gliserini, akamfunika kwa kioo chembamba. Mikono ilijua kazi, hiyo mikono iliyobandika maelfu ya wadudu wa watu wengine.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kiasi cha kukera. Dume wa spishi ya zamani ana doa jeupe la mviringo tumboni, moja kwenye kila pingili, kuanzia ya tatu hadi ya saba. Madoa hayo hayajali mabawa. Uwe na mabawa, usiwe nayo, doa liko palepale. Kama dume huyu angekuwa hana madoa, au doa limegawanyika, au limevutika likawa mstari, basi mdudu ni mpya, Dona Otília ana jina lake, na mhakiki akalale. Kama ni madoa matano ya mviringo, hakuna *otiliae*. Hajawahi kuwapo.

"Eleza basi," alisema Dorvalino. "Tunaangalia mgongo wako tu."

"Natazama tumbo lake."

"Masikini. Kafumaniwa kitandani, sasa anapimwa tumbo."

"Nyamaza, Dorvalino," alisema Mzee Gentil.

Lenzi ya kwanza ilimwonyesha kivuli. Alizungusha ya pili. Kiputo cha hewa kilikuwa kimekaa juu ya tumbo, na kwa muda mfupi, mfupi mno, kilionekana kama doa lililogawanyika, na Zuleica akasikia damu ikipanda masikioni. Alikigusa kioo kwa ncha ya sindano. Kiputo kikateleza kikaenda zake.

Pingili ya tatu, doa la mviringo. Ya nne, doa la mviringo. Alihesabu polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akitumaini kwamba safari hii ngazi imepungua moja. Ya tano. Ya sita. Ya saba. Matano, meupe, safi, yamepangwa kama yalivyochorwa vitabuni tangu kabla yeye hajazaliwa.

Alibaki ameinama. Nyuma yake kibuyu kilikoroma, mtu akakohoa.

Kidole chake kilikuwa kwenye skrubu. Kila fundi wa hadubini ana jinamizi moja, nalo ni lenzi kushuka mno na kuiponda sampuli pekee iliyopo. Ni robo mzunguko tu. Kioo kingesema *tik*, naye angesema *jamani*, na wote wangesikitika. Nani angebisha? Mteremko ungeungua ndani ya nusu saa. Dume mwingine asingepatikana kamwe. Angemwandikia mhariri kwamba dume alionekana, kwa bahati mbaya akaharibika, na baadhi ya wahariri wana huruma. Jina lingechapishwa. Lingekaa miaka ishirini, thelathini, mpaka mtu fulani asiyemjua Gentil Pacheco alifute kwa mstari mmoja, na kufikia hapo mzee angekuwa ameshalala kando ya mkewe, ameridhika.

Kidole kilisogea. Aliiona lenzi ikishuka, akaona ukingo wa kioo ukitetemeka kwa kuguswa. Na Zuleica aliona aibu, si ya kitu kikubwa, bali ya kidudu kile kilichovumilia baridi yote ile, kikapata mke kwenye shina lenye joto, halafu kiuawe mara ya pili ili yeye asione haya. Alirudisha skrubu juu.

Alijiinua, akageuka.

"Si mpya," alisema. "Ni yule wa zamani. Ana jina lake tayari, amepewa zamani sana. Hawa wetu ni yeye huyohuyo, ila huku juu wamezaliwa bila mabawa. Nilikosea."

Dorvalino akaanza, kwanza puani, halafu mabega, mpaka kicheko kikamshinda kabisa.

"Mjane wa mdudu! Gentil, mdudu mwenyewe ana mume! Tena ana jina la ukoo mwingine!"

Mmoja wa wanawe alimvuta mkono. Mzee Gentil alikuwa amesimama na birika. Hakumtazama Dorvalino wala hakumkemea.

"Kwa hiyo hakuna jina la Otília," alimuuliza Zuleica. Alitamka neno mojamoja.

"Hakuna."

"Ulijua lini?"

"Jana," alisema Zuleica. "Ilipokuja barua."

Hilo nalo lilikuwa uongo. Alilisema haraka, akiwa bado na jasho la ushujaa wa kusema kweli, na papo hapo akajichukia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Jana," alirudia mzee. "Na leo asubuhi yote ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekushikia sinia. Nimeongea mambo yangu mbele yako."

"Nilitumaini, mzee."

Mzee alijaza kibuyu. Zamu ilikuwa ya Zuleica, kila mtu pale alijua hivyo. Mzee aliupitisha mkono mbele ya kifua cha Zuleica na kumpa kijana aliyekuwa upande wa pili, na kijana akapokea akiwa ameinamisha macho. Katika nyumba hiyo, kwa misimu mitano, hakuna aliyewahi kurukwa. Zuleica alisikia uso ukiwaka kuliko kama angepigwa kofi, na hata Dorvalino akaacha kucheka.

Mzee Gentil akaweka birika chini.

"Haya, cheko limekwisha? Twende. Upepo unakua." Alifika mlangoni ndipo akasema bila kugeuka: "Na wewe chukua kipigio. Umetuchelewesha, sasa tunahitaji kila mkono."

Alichukua. Ni nani angekataa?

Dorvalino alitembea na mkebe ukingoni mwa mteremko akidondosha moto, na nyasi zile za jalidi zikashika kwa sauti ya kitu kinachochanwa. Moto ulikwenda juu wenyewe. Kazi ya wengine ilikuwa kuuzuia usiruke upande wa misonobari. Wanawe watatu walishika juu, na Zuleica akapangwa chini, mita kumi kutoka kwa mzee, kwenye mstari wa udongo uliolimwa. Kila ulimi wa moto uliovuka aliupiga kwa mpira, akaukandamiza, akapiga tena. Moshi ulimtoa machozi na akayaacha yatoke, kwa kuwa hapo hakuna ambaye angeuliza ni ya nini.

Mara moja upepo uligeuka. Ukuta mzima wa moto uliinama upande wao, na vichaka viwili nyuma ya Zuleica vikashika kwa pamoja. Alipiga cha kwanza. Cha pili kilikuwa kikimshinda, kinapanda, na misonobari ya watu ilikuwa hatua ishirini tu. Mzee Gentil akatokea kwenye moshi, poncho kaitupa, na wakapiga wote wawili, zamu kwa zamu, huyu akiinua yule akishusha, bila kusema, mpaka kichaka kikabaki kijiti cheusi kinachofuka.

Walisimama wakihema. Juu yao mteremko ulikuwa mweusi nusu nzima, na ile nusu nyingine ilikuwa inaondoka. Jiwe la shungi la hamsini na nane lilionekana lipo wazi, peke yake.

Mzee alijifuta uso kwa kiganja, akaegemea mpini wa kipigio.

"Siku ile ya hospitali," alisema, "ulipoondoka, nilimwambia Otília: umeona mambo? Dunia nzima itakuita. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Gentil, yule mtoto hana hakika. Nilipomuuliza alitazama dirisha. Lakini ameendesha saa tano kuja kunidanganya, na mimi hajanidanganya mtu vizuri hivyo tangu nikiwa msichana. Mwache.'"

Zuleica alishusha kipigio chake.

"Kwa hiyo usiniambie jana."

"Tangu Aprili," alisema Zuleica. "Nilijua tangu Aprili. Nisamehe, mzee. Nilidhani nampa yeye kitu cha kwenda nacho."

"Yeye alikuwa anajua." Mzee Gentil alitazama moto ukimalizia kilele. "Mimi ndiye niliyeamini. Miezi mitatu naamka mapema, nanawa uso, napanda hapa kuwatazama, na macho yenyewe hayaoni kitu. Nawasalimia tu. Nawaambia leo baridi, mama, jifunikeni."

Ulimi mmoja ulivuka mstari tena karibu na miguu yake. Alinyanyua kipigio, akaupiga, na Zuleica akasogea kupiga upande wa pili.